Riwaya Aliyoisoma Regina

Mwaka 1975, Mwaka wa Wanawake, bwana elimu alikuja kijijini Ubaruku kutangaza kwamba mwanamke anayejua kusoma haonewi tena na mtu.

Regina, mke tasa wa Shija, alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima. Jioni akawasomea mumewe na mama mkwe riwaya yenye mambo ya Biblia, ambamo mke tasa anamtafutia mumewe msichana, na Mungu anambariki kwa unyenyekevu wake. Alipofika pale msichana anapoletwa nyumbani, Regina akasoma kwamba alifukuzwa.

“Wee Mama Nani,” mama mkwe akamkatiza, “Hajiri, kijakazi wa Sara, kufukuzwa ni kwenye Biblia. Kitabu hiki katekista alishanisomea. Soma yaliyomo!”

Regina akasoma yaliyomo. Shija akasema amina.

Baada ya mavuno Shija alioa mke wa pili. Barua ya posa iliandikwa na Regina, maana pale nyumbani hakukuwa na mwingine aliyejua kuandika.