Mbunge Aliyekata Sukuma Kwetu

Juzi hapa Manfuha, mtaa wa Riyadh, alikuja mbunge mwanamke kutoka nyumbani, kuwasikiliza dada zetu wanaofanya kazi za ndani. Sisi madereva tulimwekea kiti mbele. Yeye akapita moja kwa moja hadi jikoni, walikokuwa wanawake. Wenzangu wakanuna. Mimi niliyeishia darasa la tatu, nikajenga kwetu kwa kuendesha magari ya watu Jeddah na Riyadh, nilicheka. Hayo niliyaona zamani.

Alasiri moja nikiwa mtoto, wazee walimnyima mwanamke aliyegombea ubunge nafasi ya kusema barazani. Baba alikuwa mmoja wao. Mwanamke akaja jikoni kwetu, mama akampa kisu.

"Ukitaka kura yangu, kata sukuma nikikusikiliza."

Kuni zilikuwa mbichi, zikinuka utomvu. Machozi yakamtiririka huku akiongea, nikadhani mama amemgombeza. Leo najua ulikuwa moshi tu, na kwamba alishalia hivyo katika majiko ya kijiji kizima.

Jioni baba akaonja. "Mama Wafula, mboga imekatwa vizuri leo. Nani kakusaidia?"

"Mbunge wetu, baba Wafula."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Siku matokeo yalipotangazwa, alikula kimya.