Mheshimiwa Aliyeiona Doha

Ukitaka kumjua Joram Wamukota, usianze na cheo. Anza na maturubai. Kabla ya siasa alikodisha maturubai, viti na vipaza sauti vya mazishi katika mji mdogo wa Lukoye, magharibi mwa Kenya, na kwa kuwa vipaza sauti vilikuwa vyake, hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Yeye ndiye aliyewaita wasemaji, yeye ndiye aliyewakatiza, na aliwachekesha wafiwa mpaka wakaona haya. Mtu akikusaidia kumzika baba, kisha akakusaidia kumzika shangazi, mwisho unamhesabu kuwa wa nyumbani. Uchaguzi ulipofika, watu wakampa kiti cha wadi yao katika bunge la kaunti. Tangu siku hiyo akawa Mheshimiwa, na ole wake aliyesahau kumwita hivyo.

Tusimwonee. Alipitisha hoja ya kujenga choo cha soko. Hoja ilipigiwa makofi, choo hakijajengwa hadi leo. Alisafiri pia. Kamati yake ya kazi na vijana ilipelekwa Ulaya kwa ziara ya mafunzo, wakajifunza mambo ambayo hakuna anayeyakumbuka, na walipokuwa wakirudi wakabadilisha ndege Doha. Walingoja asubuhi nzima. Joram alikunywa kahawa, akamnunulia mkewe marashi, akapigwa picha mbele ya kioo kikubwa, nyuma yake ndege na anga jeupe la vumbi. Nje ya uwanja wa ndege hakutia mguu. Alifika Doha kama sanduku lake lilivyofika Doha.

Mwaka uliofuata alikuja Lukoye wakala wa kupeleka watu Uarabuni, akamwomba Mheshimiwa aje kuwaaga vijana wa kwanza. Kwetu mwanasiasa hupungia bendera chochote kinachoondoka: lori la mbegu, mashindano ya baiskeli, hata gari la maiti. Basi lilisimama uwanjani likiwa limejaa wasichana na wavulana waliovaa fulana za rangi moja, wazazi wamelizunguka. Joram akashika kipaza sauti, na utamu wa kusikilizwa ukampanda kichwani.

"Mimi nimefika Doha," alisema. "Nimetembelea watu wetu kule. Nimeona vyumba wanavyolala. Kiyoyozi usiku na mchana, wali na kuku mpaka mtu anachoka."

Mwanamke mmoja akainua mkono. Alikuwa Damaris, muuza mboga, na binti yake Velma alikuwa tayari amekaa dirishani ndani ya basi.

"Mheshimiwa, umeona kwa macho yako?"

"Kwa haya macho yangu mawili, mama."

Damaris akateremsha mkono, ameridhika. Joram akapunga bendera, basi likaondoka, na yeye akaenda kula mbuzi na wakala.

Mpanda ngazi hushuka. Kipindi kilipokwisha, Lukoye ilikikumbuka choo cha soko, akatoka wa tatu katika kura. Simu iliyokuwa hailali ikawa ya kuangalia saa. Maturubai yalikuwa yameliwa na panya kwa miaka mitano ya uheshimiwa, na kijana mwingine ndiye aliyekuwa akisimamia mazishi, tena kwa ufundi zaidi. Mwisho Joram aliingia kwa yule wakala kupitia mlango wa nyuma, akaomba kazi. Huko Lukoye alitangaza kwamba ameitwa Qatar kuwa mshauri wa mambo ya wafanyakazi. Ukweli aliujua mkewe Jennifer peke yake.

Ndivyo Joram alivyokuja kukaa kwenye lango la jumba la ghorofa huko Al Mansoura, mtaa mmoja wa Doha, amevaa sare ya buluu, akiinua kizuizi kwa kila gari la mpangaji. Alilala Industrial Area, kwenye mabweni ya wafanyakazi, katika chumba cha watu wengi, na basi la kampuni lilimleta kabla jua halijakolea. Watoto wa jumba lile walimwita sadiki, yaani rafiki, kama wanavyomwita kila mfanyakazi mgeni. Mtu aliyewahi kumfukuza mhudumu wa hoteli kwa kumwita "mzee" sasa aliitwa sadiki na mtoto mwenye kunyonya lambalamba, naye aliitika. Kazi yenyewe haikuwa ya aibu. Soja ni mtu, na wenzake walijenga nyumba kwao kwa kazi hiyohiyo. Kilichomla Joram ni ule uongo. Watu wa Lukoye walioko Doha walikuwa wakikutana Ijumaa kule Al Wakrah, wakipika na kuimba, na yeye kila Ijumaa alikuwa na mafua.

Siku moja familia mpya ilihamia ghorofa ya tatu. Dereva wa lori la mizigo alikuwa Mkenya, kwa hiyo Joram alimwelekeza kwa Kiswahili: "Rudi nyuma, rudi kidogo, hapo hapo, simama." Msichana wa kazi aliyekuwa akishusha mito kutoka kwenye gari la matajiri wake alisimama ghafla. Sauti ile alikuwa ameisikia kwenye mazishi ya babu yake.

"Mheshimiwa Wamukota?"

"Umenifananisha, dada," alisema Joram, akageukia kizuizi.

Alikuwa Velma. Hakubishana naye. Kesho yake alishuka na taka, na mkononi ana kikombe cha chai ya maziwa.

"Chai, Mheshimiwa," alisema, akaiweka juu ya kiti. Hakukuwa na kejeli sautini, na hilo ndilo lililomuumiza Joram. Angetukanwa angejitetea, maana hiyo kazi aliijua.

Siku ya tatu Velma hakuondoka baada ya kuweka kikombe.

"Mheshimiwa, kuna kitu nataka unisaidie. Unamkumbuka Chelsea, mdogo wangu? Anakuja wiki ijayo, na wakala ni yule yule. Kwa nyumba aliyonipeleka mimi mara ya kwanza nililala stoo, na nilikula yenye watoto wameacha kwa sahani. Simu walininyang'anya. Hawa wa sasa ni watu wazuri, sina neno nao, lakini kuwafikia niliteseka. Nimemwambia mamangu asimwachilie Chelsea. Hanisikii."

"Mama hawezi kukosa kumsikia mtoto wake."

"Anasema nataka kula peke yangu. Anasema Mheshimiwa aliona, na tena sasa yuko huko huko, ni mkubwa." Velma alikuwa akiangalia viatu vyake. "Nakuomba umpigie. Umwambie ukweli tu."

Joram alikohoa. Alisema angemwandikia ujumbe mzuri, wenye hekima. Alisema pia kwamba angeweza kumwambia kuwa hali ya kazi imebadilika siku hizi, bila kuingia ndani sana. Velma alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Hiyo atasema ni siasa," alijibu. "Akuone."

Jioni hiyo Joram alimpigia Jennifer. Mkewe akasema, "Huko uliko hakuna anayekujua. Mimi ndiye ninayepita sokoni. Nimewaambia una ofisi, Baba Tony. Ukisema, mimi nitapita na uso gani?" Uongo ule alikuwa ameuanzisha yeye, na sasa mkewe ndiye aliyekuwa akiulisha kila siku.

Hata hivyo Ijumaa, wapangaji walipokuwa wamekwenda kuswali na lango limetulia, alimwambia Velma ampigie mama yake simu ya video. Walisimama nyuma ya kibanda chake, kwenye kivuli chembamba. Joram alishika simu karibu sana na uso, ionekane ndevu na macho tu. Damaris alitokea kwenye kioo cha simu akiwa kibarazani kwake, kilemba kimemwinamia upande wa sikio.

"Uwii, ni Mheshimiwa! Chelsea, kuja uone nani. Waite na wale wa jirani."

"Mama Velma, hamjambo?" alisema Joram. "Hamjambo tena?" Mazoea yalikuwa yamemshika. Upande wa pili watu wakaitika kwa furaha, na kwa muda mfupi alikuwa tena uwanjani na kipaza sauti. Aliona jinsi ingekuwa rahisi. Angesema Chelsea aje, kwamba yeye mwenyewe atamwangalia, nao wangepiga makofi. Velma alikuwa kando yake, akimtazama.

Joram akanyoosha mkono, akaisogeza simu mbali na uso wake mpaka sare yote ikaonekana, na kizuizi nyuma yake.

"Hizo ni nguo gani, Mheshimiwa?" aliuliza Damaris.

"Za soja, mama. Nalinda lango. Nafungulia watu magari. Sina ofisi, na sijawahi kuwa nayo."

Kicheko kimoja kikasikika kule, kikakatika.

"Na ile siku," Joram akaendelea, maana akinyamaza hangeweza kuanza tena, "ile siku uliponiuliza kama nimeona kwa macho yangu, nilikudanganya. Nilikuwa nimepita uwanja wa ndege tu. Sikuona chumba cha mtu yeyote. Wali na kuku nilivibuni pale pale. Usimwachilie Chelsea aende na yule wakala. Velma anakwambia ukweli."

Alijua majirani wanasikia. Alijua kabla ya jioni habari zingefika sokoni, kwa Jennifer. Aibu ilimpata, na alidhani hapo ndipo ilipoishia.

Damaris hakuwa akimwangalia tena. Alisikika akimwambia Chelsea aingie ndani atoe nguo kwenye sanduku. Kisha akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na mkubwa wake.

"Mheshimiwa, Velma alinipigia mwaka ule kwa simu ya kuazima. Analia, anasema analala stoo, anasema nimtafutie njia ya kurudi. Nikamwambia aache uongo, nikamwambia Mheshimiwa mwenyewe ameona. Akazidi kulia. Nikamkatia simu." Alikiweka sawa kilemba chake. "Sikumpigia tena mpaka Krismasi."

Joram alitafuta neno. Maisha yake yote yalikuwa ya kutafuta neno mbele ya watu wenye uchungu, na hakuwa amewahi kulikosa mpaka siku hiyo.

"Yuko karibu na wewe hapo?" Damaris aliuliza.

Joram akampa Velma simu. Velma akaishika kwa mikono miwili.

"Niko hapa, mama," alisema.