Nukta ya Mwezini na Shahidi Nisiyesema Naye

Mkuu wetu wa shule aliinama, akaweka jicho kwenye darubini yangu, akakaa pale muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Kisha akanyoosha mgongo na kusema, "Naam, nimeiona. Nzuri sana. Mungu ni mkubwa."

Kifuniko cha lenzi kilikuwa hakijatolewa. Nilikuwa nimekisahau mwenyewe. Alichokiona ni giza tupu la plastiki, akamtukuza Mungu kwa hilo.

Sikumwambia. Nilicheka kwa adabu, nikaingia ndani, nikapiga ngumi mto wa kochi. Maana hakuwa wa kwanza. Alikuja mwalimu wa kemia, akaona. Akaja jirani wa juu, yule mwenye mashine ya kukoboa, akaona hata kabla sijamaliza kumweleza atazame wapi. Walikuja akina mama watatu wa kwaya, wote wakaona, na mmoja akaniambia aliona mbili. Hapa Iyula, wilayani Mbozi, ukimwita mtu nyumbani kwako, ukamwonyesha kitu unachokipenda, hawezi kukuambia hakioni. Itakuwa kama kukataa chakula chako. Ni watu wazuri mno, jamani, na uzuri wao ulikaribia kunitia wazimu.

Kitu chenyewe kilikuwa nukta. Mwezi ukiwa mchanga, siku ya tatu au ya nne, ule upinde mwembamba ndio unaong'aa, lakini sehemu iliyobaki haifi kabisa. Ina nuru hafifu ya kijivu, nayo ni nuru ya dunia yetu inayorudi kule. Mimi nafundisha jiografia, hayo nayajua na nayafundisha. Nisichokijua ni kwa nini jioni moja ya kiangazi, kwenye ile sehemu ya kijivu, niliona nukta ya mwanga. Ilikuwa ndogo, kali, imetulia. Ilikaa kama robo saa, ikafifia, ikapotea. Nilibadilisha jicho, nikazungusha kioo, nikafuta lenzi kwa kanga, nikatazama tena kabla haijaondoka. Ilikuwepo.

Darubini yenyewe niliinunua Tunduma, kwa mfanyabiashara wa Kizambia aliyekuwa akiuza friji kuukuu na baiskeli za mtumba karibu na foleni ya malori. Alinisalimia, "Muli shani, bamayo," akanihakikishia kwamba bomba lile linaona mpaka Lusaka. Mume wangu anafanya kazi hukohuko mpakani, ofisi ya kutoa mizigo, na huja nyumbani Jumamosi tu. Aliponiona nashuka nayo kwenye gari alisema, "Mke wangu, ungenunua hata pampu." Nikaiingiza ndani.

Kuna kikundi cha watu huko ughaibuni wanaotazama mwezi kwa mapenzi tu, bila mshahara. Wanakusanya taarifa za nukta za namna hiyo, kwa sababu hata wao hawajui ni nini. Niliwapata kwenye simu, nikawaandikia. Wakajibu kwa heshima zote kwamba taarifa ya mtu mmoja hawaiingizi kwenye daftari lao. Walitaka shahidi wa pili, achore anachokiona bila kusikia lolote kutoka kwangu, na michoro yetu ilingane mara tatu.

Mara tatu! Nami nimezungukwa na watu wanaoona hata kifuniko.

Nililitaka hilo daftari kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nimefundisha miaka mingi mambo yaliyogunduliwa na wengine, nimeandika ubaoni majina ya watu wa mbali mpaka chaki ikanikausha vidole. Nilitaka mstari mmoja tu, uandikwe kwamba mtu fulani, akiwa Mbozi, aliona.

Ndipo nikamkumbuka baba mkwe.

Hapa inabidi nieleze. Kwa ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja, mkikutana njiani kwenye mibuni mmoja anapisha pembeni na kutazama majani. Siyo chuki, ni heshima, na huko kwetu mjini imelegea sana, lakini hapa imekaza. Tunaishi ua mmoja, nyumba zetu zimetazamana, na tangu niolewe, miaka kumi na moja, sijawahi kumwambia yule mzee hata shikamoo. Maneno yote hupita kwa mama mkwe. Nikitaka kusema kitu namwambia mama, baba akiwa hatua sita kutoka pale, anasikia kila neno, halafu mama anageuka na kumrudishia maneno kana kwamba mzee ndiyo kwanza amefika kutoka Momba. Naye anajibu kwa njia hiyohiyo. Kupanga siku ya kupulizia dawa mibuni kunachukua asubuhi nzima.

Sasa nani angekuwa shahidi bora kuliko mtu ambaye sisemi naye kwa sheria?

Tulipanga hivi. Darubini inakaa uani, kati ya vichanja vya kuanikia kahawa. Natazama mimi kwanza, nachora kwenye daftari ndani ya duara la kikombe, naandika saa, nalifunga daftari na kuliacha kwenye dirisha la jikoni. Kisha nagonga kifuniko cha sufuria mara mbili na kubaki humo jikoni, nimeupa ua mgongo. Baba mkwe anatoka nyumbani kwake, anatazama, anachora nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani, ndani ya duara la kikombe hichohicho. Anaondoka. Mama ananiletea karatasi.

Mafunzo peke yake yalinitoa jasho. "Mama, mwambie baba asishike bomba, ashike ile parafujo."

"Anasema usishike bomba."

"Nishike nini?"

"Anauliza ashike nini."

"Parafujo, mama! Parafujo!"

"Usimpigie kelele mkwe wako," akasema mama, naye mzee keshaishika zamani.

Mara ya kwanza nilipoiona nukta tukiwa na mpango huo, nilichora, nikagonga sufuria, nikangoja. Karatasi ilikuja na mwezi mtupu. Mzuri, umechorwa kwa uangalifu, lakini mtupu. Sikula jioni ile. Nilisema naumwa kichwa.

Kesho yake ilionekana tena, na karatasi ilikuja na nukta. Mahali palepale! Nilizipandanisha karatasi mbili mbele ya taa, nukta ikaangukia juu ya nukta. Nilimkumbatia mama mkwe mpaka akasema nitamvunja. Mwezi uliofuata, tena. Nikawaandikia wale watu.

Loh, maswali yao! Huyu shahidi ni nani? Nikajibu ni baba mkwe wangu. Anaishi wapi? Ua mmoja nami. Basi nina hakika gani kwamba hatukuzungumza kuhusu nukta? Nikajibu ukweli, kwamba hatujazungumza kuhusu kitu chochote kwa miaka kumi na moja. Wiki moja kimya. Kisha ikaja barua ya kunipa pole. Wamesikitika kusikia kuhusu ugomvi katika familia yetu, wanatumaini tutapatana. Niliandika kurasa mbili kueleza mwiko, nikiwa nasaga meno. Walijibu wameelewa. Hawakuelewa, lakini walikubali, na walibakiza mara moja tu.

Katikati ya hayo mama alinijia jikoni akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua maharage ambayo nilikuwa nimeshayachambua. "Mzee anataka kukufungulia," akasema.

Mwiko unaweza kufunguliwa. Mkwe anaandaa mbuzi na kitenge, wazee wawili watatu wanakaa, anakupa kwa mkono wake, anakuita, unaitika, basi. Kutoka hapo mnazungumza kama baba na mtoto. Wengine hufanyiwa mapema, wengine hawafanyiwi kabisa mpaka mzee anakwenda kaburini.

"Sasa hivi?" nikasema.

"Ameona umri unakwenda. Anasema ana maneno."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema asubiri. Nikamweleza mama kwamba tukianza kuzungumza sasa, ushahidi wake unaharibika. Bado mara moja. Mama aliyarudisha maharage kwenye ungo, akaenda kupeleka jibu. Kutoka jikoni nilimwona mzee mlangoni kwake akilisikiliza. Alitikisa kichwa polepole, akaingia ndani.

Mwezi uliofuata mawingu. Uliofuata, moshi wa mashamba yanayochomwa. Nilimpisha njiani mara nyingi katika siku hizo, nikatazama majani, nikijua kwamba safari hii siyo mwiko unaotuzuia bali ni mimi. Niliona haya, lakini sikuona haya ya kutosha.

Hatimaye jioni moja anga lilisafika na nukta ikatokea. Nilichora, nikagonga sufuria. Karatasi ikaja, na nukta ilikuwa mahali pake. Barua ya ughaibuni ilifika baada ya siku tatu: wamekubali, taarifa itaingia kwenye daftari lao mwisho wa mwezi. Nilipiga vigelegele peke yangu darasani wakati wa mapumziko.

Mbuzi alichinjwa Jumamosi ile, mume wangu akiwepo. Baba mkwe alisimama mbele ya wazee na kitenge cha rangi ya buluu, akaniita mwanangu. Nikaitika. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo ya kwanza ya miaka kumi na moja. Sauti yake nilikuwa naijua vizuri, lakini haijawahi kuelekezwa kwangu.

Watu walipoanza kula alinivuta pembeni, kwenye vichanja.

"Mwanangu, neno langu la kwanza ni hili. Ile nukta sijawahi kuiona."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Macho yake yana mtoto wa jicho, mwezi anauona kama uji. Ile siku ya kwanza alichora alichokiona.

"Halafu mama yako akaja kuniambia mkwe hajala," akasema.

Nilimgeukia mama mkwe, aliyekuwa akigawa wali hatua chache tu kutoka pale. Alikuwa anasikia kila kitu, na mwiko wa kujificha nyuma yake haukuwepo tena. "Mama!"

"Nilifungua daftari tu," akasema. "Nikaweka harage kwenye kalenda yake, pale ilipo nukta yako. Yeye akachora penye harage."

"Harage!"

"Ungejiona wewe mwenyewe. Unatoka jikoni unauliza, ameona? Ameona? Kwa macho yale. Ningesema hajaona?"

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Niliwaambia mambo. Niliwaambia kwamba wao ni walewale, mkuu wa shule na kwaya na kifuniko cha lenzi, kwamba nilimtafuta mtu mmoja tu katika wilaya nzima ambaye asingenifurahisha, na nikamkosa ndani ya ua wangu. Ndilo lilikuwa zungumzo langu la kwanza na baba mkwe wangu. Wazee waliacha kutafuna. Mume wangu aliinua mkono kunituliza, akaushusha.

Mzee alingoja nimalize.

"Ni kweli," akasema. "Lakini miaka yote hii hukuwahi kunigongea sufuria. Nikasema, nikimwambia sioni, ataiondoa darubini, nami nitabaki mlangoni. Zile karatasi ndizo nilizokuwa nazo za kukuambia."

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko na kitenge changu kipya mapajani.

Usiku mume wangu aliniambia, "Nyamaza tu. Nani atajua?" Alisema kwa huruma, kama wote. Na alikuwa sahihi, hakuna ambaye angejua. Asubuhi niliwaandikia wale watu kwamba shahidi wangu hakuona, kwamba aliongozwa na harage, na naomba wasiiingize. Nilijaribu kueleza harage kwa aya mbili, nikafuta, nikaacha neno lenyewe. Wakanishukuru. Mstari wangu haukuandikwa popote.

Mimi niliiona. Nasema hivyo mpaka leo, na najua inavyosikika.

Mwezi mchanga uliofuata nilisimamisha darubini kati ya vichanja, na safari hii sikugonga sufuria. Nilikwenda mlangoni kwake nikamwita, "Baba, karibu." Nukta ilikuwa imetokea, au mimi niliiona. Nilimshika kiwiko, nikamweka mbele ya kioo, nikampa kalenda na penseli, sikumwambia kitu. Mama alikuwa jikoni, na daftari nilikuwa nimelibana kwapani.

Alitazama kwa muda mrefu. Alibadilisha jicho. Alishika parafujo, siyo bomba.

"Sioni kitu, mwanangu," akasema.

"Huoni kabisa?"

"Kabisa. Uji tu."

"Basi chora uji, baba," nikamwambia, na akacheka, nami nikashika tochi karibu na karatasi ili aone mahali pa kuchora.