Binti Aliyesema Mbele ya Darasa

Vijana wa kliniki walimwita Sista Taratibu, maana neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Alikuwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla. Kila Jumamosi alipanga viti vya plastiki nyuma ya chumba cha dawa, akakaa na vijana waliokuwa wakijiuliza: niseme au ninyamaze?

Hakumshurutisha mtu kusema, wala hakumkataza. "Neno likishatoka halirudi tumboni," aliwaambia. "Unataka kumwambia nani, na ungependa akufanyie nini?"

Miongoni mwao alikuwamo binti wa kidato cha tatu aliyesikia sauti zisizo na mwenyewe. Alilazwa, akapata nafuu, akarudi shule na dawa zake. Darasani walijua aliugua malaria. Ndivyo mama yake alivyowaambia. Uongo ule ulimbana kama kiatu cha mdogo wake.

Wakafanya mazoezi. Sista akajifanya mwanafunzi mwenzake. "Kumbe wewe chizi!" akamdhihaki.

Binti akacheka, kisha machozi yakamtoka. "Rudia, Sista. Nataka nilizoee."

Wakakubaliana, mama yake akiwapo, kwamba amwambie rafiki wa dawati lake. Huyo tu.

Wiki ileile Sista akaalikwa darasani kwa binti kuzungumzia afya ya akili. Akiwa katikati ya maneno, binti akasimama. Sista akamtikisia kichwa: keti, mwanangu. Hakuketi.

"Mimi sikuugua malaria," akasema. "Nilikuwa nasikia sauti. Sasa natumia dawa. Nimechoka kudanganya."

Mcheshi mmoja wa darasa akashindwa kujizuia: "Hizo sauti huwa zinasema nini?"

"Ziko kama wewe tu. Zinaongea sana, la maana hakuna."

Darasa likaangua kicheko, na mcheshi mwenyewe akapiga meza kuliko wote. Sista akashika ukingo wa ubao. Tangu aanze kazi hakuwahi kuona mtoto akiutua mzigo wake hadharani kwa wepesi ule.

Nje akamuuliza, "Si tulisema mmoja?"

"Nilimwambia jana, Sista. Akaniuliza kama dawa ni chungu, basi, tukaendelea na hesabu. Nikaona naweza kuongeza."

Si wote waliompokea. Msichana mmoja alihamia dawati la mbali, na mzazi fulani akaenda kulalamika kwa mkuu wa shule. Binti aliumia sana, lakini hakujuta.

Jumamosi, mwenzake wa kliniki akauliza kama naye asimame mbele ya darasa lake.

"Usimwige," Sista akamjibu. "Kunyamaza nako si woga. Tuanze na wewe: ungependa nani ajue?"

Jioni alimsimulia mumewe yote.

"Ulimfundisha vizuri," mumewe akasema.

Sista akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. "Lile sikumfundisha, Baba. Lile nililishuhudia tu."