Siku Niliyomkana Bwana Lisle

Bwana Lisle, mpangaji wetu wa chumba cha juu, alirudi jioni moja damu inamtoka puani. Akakagua kucha zake alizozipaka rangi nyekundu, akaona ziko salama, akaomba chai.

"Wamekupiga tena?" mama akauliza.

"Wamenikosoa tu, mama Beryl. Wakosoaji wa mtaa huu hawajui kuandika."

Hiyo ndiyo London niliyokulia. Bwana Lisle nywele kazipaka rangi ya karoti, macho kayatia wanja, na hakujificha kwa mtu. Mchana aliandika vitabu visivyonunuliwa, jioni alipanda jukwaani kwenye baa kuwachekesha walewale waliomtukana njiani.

Siku moja alifikishwa mahakamani kwa mapambo yake; hakimu alipomwambia avae kama wanaume wenzake, alijibu, "Hapo utakuwa unamhukumu mtu mwingine, mheshimiwa."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, mezani kwetu, kila Jumapili.

Nikiwa na miaka kumi na sita, nilikuwa kwenye foleni ya sinema na wenzangu. Akatokea, skafu inapepea.

"Beryl, malkia wangu!"

Wenzangu wakaangua kicheko. "Weee! Hiki kituko unakijua?"

"Simjui," nikasema. Alisikia.

Akainama kidogo. "Samahani, binti. Nimekufananisha."

Tangu hapo, nyumbani tulicheka kama kawaida, ila akiniona mtaani alivuka barabara. Kila siku nilisema leo nitamwomba radhi. Aibu ikanishinda miaka sita.

Nilipokaribia kuolewa, nilimpa kadi ya mwaliko mkononi. Nilipanga nimshike mkono mbele ya kanisa zima, wakwe waone.

Siku ya harusi nilimtafuta, sikumwona. Niliumia sana. Nikahamia Leeds na mume wangu nikiamini amenilipa nilichostahili.

Majira yale yale ya baridi, ugonjwa wa kifua ukamuua Bwana Lisle. Msibani nikamwambia mama, "Hata harusini hakuja."

Mama akaniangalia.

"Alikuja, mwanangu. Yule mzee wa suti ya kijivu pale mlangoni, kichwa kanyoa. Alinikataza nisiseme. Hakutaka wakwe zako wakucheke."

Nilikumbuka. Alinipa mkono, nikamwambia, "Asante kwa kuja, mzee," nikampita. Maisha yangu yote sikuwahi kuuona uso wake bila rangi.

Vipigo vyote vile havikumfanya aifute. Aliifuta kwa ajili yangu, na mimi nikamkana mara ya pili.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu ulimkana mbele za watu, kamwombe radhi mbele za watu, angali anasikia. Mimi yangu naisemea kaburini kwake.