Mpiga Ngoma wa Fundi Ana Miguu ya Chuma

“Hivi fundi, humo ndani mko wangapi?” muuza mkaa wa jirani aliwahi kuuliza mlangoni, shingo ameinyoosha. Alikuwa amesikia mwanamke akiimba na mtu akimpigia ngoma. Alimkuta fundi peke yake, na sare za shule kumi na moja zinasubiri vifungo.

Saa kumi na mbili asubuhi, swali lile bado lina maana. Fundi huyu wa nguo, mama wa watoto wawili, amekaa mbele ya cherehani isiyo na uzi wala sindano. Mguu unakanyaga, chuma kinaitika kama ngoma, naye anaimba wimbo aliotunga mwenyewe, wa mwanamke anayepima watu mtaa mzima ila hajui kipimo chake.

“Bila mdundo wa hii naukimbiza wimbo,” anasema akicheka. “Nilijaribu na mpiga ngoma wa kweli. Wimbo mmoja, kila mtu akaumaliza kwa wakati wake!”

Kwa miaka minne amekuwa akirekodi kwa simu, blanketi limefunika dirisha, na kutuma nyimbo nje ya nchi. Ametuma maombi thelathini na moja ya kutumbuiza. Yaliyojibiwa ni mawili. Jibu la kwanza lilikuwa la kumpa pole.

La pili lilikuja mwezi uliopita, kutoka kwa waandaaji wa maonyesho tisa katika nchi tatu. “Tunawaalika wawili,” waliandika, “wewe na mpiga ngoma wako.”

“Nilipiga kelele mpaka maziwa yakachemka yakamwagika,” anasema. “Halafu nikakaa chini. Mpiga ngoma gani?”

Binti yake mkubwa hakumwonea huruma. “Mama, kaitafutie cherehani pasipoti.”

Angeweza kumchukua mpiga ngoma yeyote, asiwaambie waandaaji ukweli. Aliliombea jambo hilo siku tatu, kisha akapiga video ya miguu yake ikikanyaga, akaituma. Jibu lilifika kabla chai haijapoa: njoo nayo. Shirika la ndege nalo limekubali kuibeba, mradi iwe ndani ya sanduku la mbao.

Lakini cherehani si yake. Ni ya marehemu mama yake, na baba yake, seremala mstaafu anayeishi chumba cha pili, kwa miaka sita hajaruhusu hata isogezwe kutoka pale dirishani. Safari ni baada ya siku kumi.

“Mungu akinijalia, nikirudi nataka nirekodi nyimbo zangu zote kumi na nne,” anasema. “Hapahapa, kwa mguu huuhuu.”

Mlango unafunguliwa. Ni mzee, penseli sikioni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nasikia inapanda ndege.”

“Ukikubali, baba. Ukikataa, nabaki.”

“Huko watu wanalipa kiingilio kutazama mtu anashona?”

“Wanakuja kusikiliza.”

“Haya. Imba.”

Anaimba ubeti mmoja, mguu ukikanyaga bila kukosea. Mzee hamwangalii usoni, macho yako kwenye kanyagio.

“Mkanda umelegea,” anasema. “Mama yako asingeuacha hivyo.”

Kisha anavuta futi ya kupimia iliyoning’inia shingoni mwa fundi. Anapima cherehani urefu, upana, kimo. Anarudia kimo. Anaandika kiganjani, anarudisha penseli sikioni na kutoka kwenda kuchagua mbao.