Nzi Dume Juu ya Jiwe

Kiangazi kilichopita binti yetu wa mwisho alirudi kijijini kwetu Maretadu kutoka chuo kikuu, tukamchinjia mbuzi. Ngozi tuliiwamba uani kwa vijiti, kama kila nyumba ifanyavyo huku. Akatuomba tusiiguse. Alikuwa anasomea nzi wa nyama, na Jumatatu alitakiwa kurudi na nzi aliyetambuliwa kwa jina lake kamili, la sivyo kazi yake isingepokelewa.

Alikaa kwenye kigoda kando ya ngozi na wavu mdogo. Alinipa lenzi nitazame. Nzi wa kijivu, macho mekundu, mistari mitatu myeusi mgongoni, tumbo lenye madoa kama ubao wa drafti. Mmoja, alipobanwa, alitoa funza walio hai, maana hawa hawatagi mayai.

"Basi umeshampata," nikasema.

"Bado, baba. Hawa wote ni majike, na majike wa aina nyingi wanafanana. Anayetambulika ni dume, kwa viungo vyake vya uzazi."

Jumamosi asubuhi ngozi yote ilikuwa imefunikwa majivu, na nzi hakuna.

"Shikamoo mama. Nani amemwaga majivu?" binti akamuuliza mama yake.

"Marahaba. Ni mimi. Ngozi ioze kwa ajili ya nzi? Wenzako wanasomea kutibu watu, wewe unasomea vya kufukuzwa."

Binti alichukua wavu wake. Alinifuata kwenye jiwe kubwa la zizini, ambapo mimi husali rozari jua likichomoza. Nilikuwa kwenye fumbo la nne aliponinong'oneza, "Baba, usiinuke."

Karibu na goti langu, kwenye ncha ya jiwe, alitua nzi wa kijivu. Kila alipopita mwingine, huyu alimrukia, kisha akarudi palepale.

"Majike hufuata nyama," akasema. "Madume hungoja mahali pa juu penye jua. Nilifundishwa, ngozi ikanisahaulisha."

Akamnasa. Kwa pini aliivuta ncha ya tumbo, vikatokeza viungo vya uzazi, vijipembe viwili vilivyopinda. Alivilinganisha na michoro kwenye simu hadi mchana, mmoja baada ya mwingine, hadi mmoja ukalingana. Jina lilikuwa la Kilatini. Wataalamu walikwisha kumpa zamani. Binti alilitamka mara mbili, taratibu. Nikamshukuru Mungu, nikamalizia fumbo la tano.

Mama yake akauliza kutoka jikoni, "Ana jina?"

"Analo, mama."

"Basi mwite kwa jina lake, umwambie atoke kwenye maziwa yangu."